Mwanamke na Ukatibu wa Chama cha Wafanyakazi

(Mazungumzo yaliyotolewa na wanachama watatu, wafanyakazi wa kiwandani, siku kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilipotimiza miaka kumi, Morogoro)



Tumepewa dakika ishirini. Mama Katibu wa kikundi alituonya mapema: msije mkatusomea historia ya Mei Mosi, tuelezeni mlivyogombea na mlivyopata. Tutajitahidi kumtii, ila historia kidogo haina budi kuingia, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini watu walicheka siku mwanamke wa darasa la saba aliposema anautaka ukatibu wa tawi.

Sisi tunaosema hapa ni watatu. Mmoja wetu ndiye aliyegombea, na wawili tulikuwa wapiga debe wake. Hatutasema nani ni nani, ingawa wengi mnajua, na mnaojua mnacheka tayari. Tutamwita Katibu, kwa kuwa ndivyo tunavyomwita hata msibani.

Kwanza tuseme kazi yenyewe ni nini. Watu wengi wanadhani mkubwa wa tawi ni mwenyekiti. Mwenyekiti anafungua mkutano, anatuliza kelele, anakaa katikati kwenye picha. Lakini barua zinaingia kwa katibu na zinatoka kwa katibu. Mihtasari ni yake, orodha ya wanachama ni yake, majalada ni yake, na mwenzenu akionewa kazini, anayepaswa kuandika kwa mwajiri ni yeye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inapoeleza mambo ambayo katiba ya chama haiwezi kuyakosa, inaitaja ofisi ya katibu kwa jina na kutaka kazi zake ziainishwe. Hii ni kazi ya utawala, jamani. Ni kazi ya kalamu na kalenda. Hotuba ni kidogo sana humo ndani.

Sasa ile historia tuliyokatazwa. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika viliungana katika shirikisho, na katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Basi mnaona kiti hicho kilikuwa na uzito gani. Mwaka 1964 shirikisho hilo lilivunjwa, kikaundwa chama kimoja tu, NUTA, na katibu mkuu wake akawa anateuliwa na Rais. Baadaye ikaja JUWATA, ikiwa jumuiya ya Chama, kisha OTTU mwaka 1991. Sheria iliyofungua mlango wa vyama vingi vya wafanyakazi vinavyojitegemea ilipitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2000. Kwa hiyo mama zetu waliofanya kazi miaka ya sabini na themanini walizoea kuona makatibu wanashuka kutoka juu. Mwingine mpaka leo ukimwambia twende tukapige kura ya chama cha wafanyakazi anakuuliza, kura ya CCM au ya nani? Si kosa lake. Amekua hivyo.

Inatosha. Turudi kiwandani.

Kilichotuamsha ni habari ya mjane mmoja, mwenzetu, ambaye leo yumo humu ndani na ametupa ruhusa tuiseme. Mapema mwaka 2016 aliachishwa kazi kwa barua ya mistari minne. Alifanya alivyoambiwa siku zote: akaipeleka barua kwa katibu wa tawi wa wakati huo. Katibu akaipokea, akamfariji, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Wiki ya kwanza, "linashughulikiwa." Wiki ya tatu, "nimeongea na wakubwa, vuta subira." Wiki ya sita mjane akaamua kwenda mwenyewe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Pale mezani akaulizwa tarehe ya barua. Wakamwambia, mama, mgogoro wa kuachishwa kazi unaletwa ndani ya siku 30, zako zimepita, sasa ujaze kwanza ombi la kukubaliwa kuchelewa, ueleze sababu. Sababu yake ilikuwa nini? Kwamba barua ilikuwa mfukoni mwa mtu. Ombi lilikataliwa. Miaka aliyoitumikia mashine ile ikaisha hivyo, bila mtu yeyote kukaa kusikiliza kama aliachishwa kwa haki au kwa dhuluma.

Tunataka tuwe waadilifu hapa. Yule katibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa wa kwanza msibani, alichangia harusi, hakuwa mlevi. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakufungua bahasha, na akifungua haandiki tarehe. Na sisi tunasema afadhali katibu mkali asiyesalimia watu lakini anajua leo ni siku ya ngapi.

Siku ile mjane alipotueleza, tulikuwa hapa hapa chini ya mwembe, Jumamosi ya hisa. Daftari la kikundi lilikuwa limefunguliwa. Bibi mmoja, mwanzilishi, akaangalia daftari, akamwangalia aliyekuwa akiliandika, akasema: "Wewe mbona tarehe zetu zote unazo?" Ndiyo habari ilivyoanza. Daftari letu lina tarehe, lina nani kaja na nani hakuja, nani kachelewa, nani kakopa na atarudisha lini, na kila Jumamosi linasomwa kwa sauti kabla sanduku halijafunguliwa kwa funguo tatu. Aliyekuwa akiliandika alikuwa mfanyakazi wa kiwandani na mwanachama halali wa chama cha wafanyakazi. Uchaguzi wa matawi ulikuwa mwaka ule ule.

Kabla ya kukubali, alikwenda kuiomba katiba ya chama aisome. Hapo ndipo mtihani wa kwanza. Nakala haikuonekana tawini. Mwenyekiti wa zamani alikuwa nayo nyumbani, kwenye sanduku la nguo. Tukaifuata, tukaisoma sisi watatu kwa zamu usiku mmoja, tukaandika pembeni: mgombea awe amelipa ada miezi mingapi, fomu inachukuliwa kwa nani, wadhamini wangapi, mwisho wa kurudisha ni lini, msimamizi anatoka wapi, kura ni ya siri au ya mikono, na asiyeridhika anakata rufaa wapi. Katiba za vyama hazifanani, kwa hiyo hatutawatajia idadi za chama chetu mkaenda kuzitumia kwingine. Someni ya kwenu. Tunachowaambia ni kwamba wanawake wengi wanaoenguliwa hawaenguliwi kwenye kura. Wanaenguliwa kwenye fomu: mdhamini mmoja ada yake haijaingia, au fomu imerudishwa saa kumi wakati mwisho ulikuwa saa tisa. Huko hakuna wa kumlaumu.

Ikaja habari ya fedha, na hapa kikundi kiligawanyika, tusifichane. Kuna waliosema tutoe shilingi laki moja na nusu katika mfuko wa jamii, tununue soda, tukodi spika, tuwape wapiga kura nauli. Walisema wenzetu wanaume wanafanya, kwa nini sisi tukae kama watakatifu. Waliopinga walisema fedha ile ni ya wote, na humu kuna mama lishe, kuna wauza mchicha, kuna mwalimu, ambao kiwanda hawakijui hata geti. Na bibi mwanzilishi akaongeza kwamba mtu akinunuliwa soda ya shilingi mia sita, ukimletea habari ya ada baadaye atakuambia nilishakulipa. Kura zikapigwa kwa kokoto, kama kawaida yetu. Fedha ikakataliwa. Mgombea mwenyewe alitia kokoto upande wa kukataa.

Kikundi kikatoa vitu vingine. Wauza mchicha walimsimamia genge lake siku sita za kampeni. Mama jirani alikaa na wanawe jioni. Mwalimu alimsahihishia karatasi ya maneno yake, maana aliandika ukurasa mmoja tu, wala hakutaka zaidi. Lakini faini za kuchelewa Jumamosi alitozwa, shilingi mia tano mia tano, mara mbili. Mweka Hazina hakutaka kusikia neno kampeni.

Katika karatasi ile aliahidi mambo matatu. Mihtasari ya kila kikao itasomwa mbele ya wanachama katika kikao kinachofuata. Mapato na matumizi ya tawi yatabandikwa ubaoni kila robo mwaka. Kila barua ya mwanachama itapata jibu ndani ya siku 7, hata kama jibu ni "bado." Watu walicheka. Walizoea mgombea anayeahidi kupandisha mishahara, jambo ambalo hakuna katibu wa tawi anayeweza kulifanya peke yake. Mwingine akamwambia, dada, wewe unagombea uchapaji? Akajibu, ndiyo.

Kampeni ilifanyika getini, wakati wa kupishana zamu, na kwenye foleni ya bomba. Alikuwa na daftari dogo. Kila idara alikopita hakuhutubia, aliuliza: kuna shauri gani hapa lililokwama, liliandikwa lini, likapelekwa kwa nani? Anaandika. Kwa siku sita akawa na mashauri mengi kuliko yaliyokuwa kwenye jalada la tawi. Sisi wawili tulikuwa tunamfuata nyuma na kuongea na wanawake, kwa kuwa wengine walikuwa wagumu kuliko wanaume. Eti kiongozi mwanamke ana majungu. Tukawauliza, na barua ya yule mjane ilikaa mfukoni mwa mwanamke?

Kuna swali ambalo mgombea mwanaume haulizwi. Aliulizwa hadharani: mikutano ya chama inafanyika hata Dodoma, wewe mke wa mtu utalala wapi? Akasema, "Kitandani." Watu wakapiga makofi, lakini usiku ule swali lilimfuata nyumbani, maana shemeji yetu naye alikuwa amelisikia mtaani, tena likiwa limeongezwa chumvi. Hatutasema yaliyosemwa katika nyumba ya watu. Tutasema tu kwamba wazee wawili, shangazi wa mume na baba mdogo, walikaa kikao, na makubaliano yakawa kwamba safari yoyote ya kulala nje mume atajulishwa kwa barua ya chama yenye tarehe ya kwenda na ya kurudi. Shemeji alitaka karatasi. Na mwenzetu hana tabu na karatasi. Kina dada, msiliruke jambo hili mkadhani litajimaliza lenyewe. Limalizeni kabla ya kuchukua fomu, si siku ya kura.

Siku tatu kabla ya uchaguzi, mgombea akahamishiwa zamu ya usiku. Hatusemi ilikuwa makusudi, wala hatusemi haikuwa. Yeye alifanya hivi: alikwenda kazini kama alivyopangiwa, asije akapatikana na kosa la utoro, na asubuhi yake akaandika barua ya heshima kuuliza sababu ya mabadiliko, nakala ofisi ya chama ya mkoa. Sheria inakataza mtu kubaguliwa kazini kwa sababu ya kushiriki shughuli halali za chama cha wafanyakazi, na alilitaja hilo kwa sentensi moja tu, bila ukali. Zamu ikarudishwa siku ya pili. Na humo usiku kumbe alikutana na watu ambao hakuna mgombea aliyewahi kuwafuata, akaongea nao wakati wa chai ya saa nane.

Akashindwa. Kwa kura 11.

Tunajua mlitaka tuseme alishinda, lakini hiyo ni ya baadaye. Jioni ile tulikaa tukahesabu. Wanawake wa idara za kufunga na kushona tuliokuwa na uhakika nao walikuwa wengi zaidi ya hizo 11. Walikwenda wapi? Tukawafuata mmoja mmoja. Wengi walikuwa wamefika mlangoni wakaambiwa majina yao hayamo katika daftari la wanachama. Wakasema, mbona nakatwa kila mwezi? Wakatoa hati za mshahara, na kweli makato yapo.

Hapa naomba msikilize vizuri, kina mama, kwa sababu katika yote tutakayosema leo, hili ndilo la kubeba nyumbani. Kukatwa si uanachama. Chama chenye wanachama wengi zaidi mahali pa kazi kinaweza kufanya makubaliano na mwajiri, na wale wasio wanachama wakakatwa pia ada, inaitwa ada ya uwakala, kwa sababu wanafaidika na mkataba uliojadiliwa na chama. Sheria inaruhusu. Lakini anayekatwa ada ya uwakala si mwanachama, hana kura, hawezi kugombea. Mwanachama ni yule aliyejiunga na chama, na ada yake ya uanachama inakatwa baada ya yeye mwenyewe kujaza na kusaini fomu ya kumruhusu mwajiri akate, ile inayojulikana kwa jina la TUF 6. Wengi wa wanawake wetu hawakuwahi kuiona fomu hiyo. Walilipa miaka na miaka, sawa sawa na wenzao, na siku ya kura wakabaki nje ya mlango.

Basi kuanzia 2016 hadi 2021 hatukufanya kampeni yoyote. Tulisoma hati za mshahara. Kila Jumamosi, hisa zikishafungwa, aliye mfanyakazi wa mahali popote anabaki na hati yake, tunasoma mstari kwa mstari: mshahara, kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii, chama. Anayekuta ni uwakala na akitaka kujiunga, anajaza fomu pale pale, kwa wino, na anabaki na nakala. Hata wale wasiotaka hatukuwalazimisha, kujiunga ni hiari. Kuna mama mmoja alijaza, akaenda kufuta, akajaza tena. Tukampa fomu ya tatu. Mwalimu wetu naye aligundua mambo katika hati yake mwenyewe, lakini hayo ni ya chama chake.

Huku nyuma mwenzetu hakununa. Sheria inasema mahali penye wanachama zaidi ya 100 wawakilishi wa chama ni 15, na wasiopungua 5 kati yao wawawakilishe wanawake. Aliingia kwa nafasi hiyo, akawa katika kamati ya wanawake. Tuseme ukweli kuhusu kamati hii. Ni jambo zuri, na bila nafasi hizo 5 huenda asingeingia kabisa. Lakini pia imekuwa stoo. Mwanamke akionekana ana akili anawekwa humo, anapewa shughuli ya Machi 8, kanga na keki, na ukatibu unaendelea kuwa mikononi mwa wale wale. Au anapewa uweka hazina, eti kina mama ni waaminifu. Kwani uaminifu hauhitajiki kwenye kalamu? Yeye alifanya jambo moja la akili: katika kila kikao cha kamati ya tawi alijitolea kuandika muhtasari. Wenzake walifurahi, maana hakuna anayependa kazi hiyo. Miaka mitano baadaye, mtu akitaka kujua tawi liliamua nini mwaka fulani, anamfuata yeye. Ilipofika 2021 alikuwa katibu tayari, ila kwa jina.

Uchaguzi wa 2021 hatuna mengi ya kueleza. Daftari la wapiga kura tulilikagua wiki mbili kabla. Tuliweka wakala mmoja kwenye kuhesabu, na tulimwambia asisaini chochote kabla ya kuona kila karatasi. Mshindani wake, kijana mwenye stashahada, alikuwa mtu mzuri na alizungumza vizuri kuliko sisi sote. Alishindwa kwa kura zaidi ya 60, akaja kumpa mkono, na leo anamsaidia kwenye kompyuta.

Habari kubwa ni kilichofuata. Siku ya makabidhiano alipewa boksi moja la karatasi na muhuri uliokauka. Ndani ya boksi kulikuwa na barua za wanachama ambazo hazikuwahi kufunguliwa. Tuliziona kwa macho yetu. Mwezi wa kwanza wote alikuwa anafungua barua na kuwaita wenyewe. Wengine walikuwa wamestaafu, mmoja alishafariki, barua ikasomwa kwa mwanawe. Akafungua kitabu cha barua zinazoingia na zinazotoka, kama cha ofisi ya serikali. Akatundika kalenda ukutani, na mtu akileta barua ya kuachishwa kazi anahesabu pale pale mbele yake siku 30 na kuzungushia duara ya wino mwekundu siku ya ishirini. Tangu hapo hakuna shauri lililofika Tume likiwa limechelewa. Kushinda ni jambo jingine, mengine tumeshindwa, lakini yamesikilizwa.

Mwaka 2022 dada mmoja alijifungua mapacha, akaandikiwa likizo ya siku 84. Katibu akaandika barua ya mistari mitatu kwamba kwa watoto zaidi ya mmoja sheria inasema siku 100. Zikaongezwa. Hakukuwa na ugomvi wala mkutano. Karani alikuwa hajui tu, na hakuna aliyewahi kumwandikia. Katika majadiliano ya mkataba wa hali bora, wanawake walidai gari la zamu ya usiku, na baada ya vikao vitatu likapatikana. Mshahara wa msingi hatukufika tulipotaka, na mapato na matumizi yakibandikwa ubaoni watu bado wanasimama na kunung'unika, jambo ambalo yeye anasema linampendeza, kwa sababu zamani hapakuwa na kitu cha kunung'unikia.

Msidhani hakuna gharama. Katibu wa tawi letu hana mshahara wa chama, kuna posho ndogo ya vikao na nauli. Sheria inampa mwakilishi wa chama muda wa kutosha wa kazi za chama bila kukatwa mshahara, lakini "wa kutosha" ni neno la kukubaliana, na yeye alihakikisha limeandikwa ni saa ngapi kwa wiki. Genge lake lilikufa mwaka wa kwanza. Alikopa humu kikundini laki tatu kulifufua na alirejesha kwa miezi kumi na miwili, daftari lipo. Kuna usiku simu inalia saa sita kwa sababu mtu kagombana na msimamizi wake. Watoto wamekua wakimwona na majalada mezani, na kitinda mimba akiulizwa mama yako anafanya kazi gani, anasema anaandika.

Tumeulizwa pia na vijana kama mwanamke anaweza kufika juu zaidi ya tawi. Anaweza. Chama cha Walimu hapa kwetu kimewahi kuwa na rais mwanamke, Leah Ulaya. Kule Afrika Kusini shirikisho la COSATU lilimchagua Zingiswa Losi kuwa rais mwaka 2018, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Wafanyakazi liliongozwa na katibu mkuu mwanamke, Sharan Burrow wa Australia, kuanzia 2010 hadi 2022. Ila tunaona kuwa njia ya huko juu inaanzia kwenye boksi la karatasi za tawi, na huko chini ndiko tulikopungukiwa na watu.

Mwakani, 2026, tawi letu lina uchaguzi tena. Mwenzetu hajasema kama atagombea. Anasema akipatikana mwingine anayeweza kuandika tarehe, yeye atarudi kwenye genge. Humu kikundini wako watatu waliotuambia kwa siri kwamba wanataka kujaribu, mmoja tawi letu, wawili sehemu zao za kazi. Hatuwataji, na ninyi msigeuke kuangaliana. Kikundi hakitatoa fedha, mnajua tayari. Genge litasimamiwa na watoto wataangaliwa, na faini ya kuchelewa ni ile ile, sasa shilingi elfu moja.

Jumamosi ijayo, hisa zikishafungwa, saa kumi kamili, tutasoma hati za mshahara kama kawaida. Kila mfanyakazi aje na hati ya mwezi uliopita na kalamu ya wino. Anayetaka kugombea aje na katiba ya chama chake, na asipoipata aje atueleze aliiomba kwa nani na lini, ili tuandike. Bibi mwanzilishi ameomba mwenye miwani ya kusomea ya ziada amletee.

Mama Mwenyekiti, tumepitiliza dakika nne.